Ranthambore, Corbett au Bandhavgarh: uchague njia ipi kwa safari binafsi ya kaskazini mwa India?

Ukimwomba wakala wa Delhi akupangie safari binafsi yenye majengo ya kale na chui milia ndani yake, mara nyingi atakuletea mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza inapita Delhi, Agra na Jaipur, kisha inaingia hifadhi ya Ranthambore katika jimbo la Rajasthan. Ya pili inapanda kuelekea vilima vilivyo chini ya Himalaya: hifadhi ya Corbett, halafu Haridwar na Rishikesh kando ya mto Ganga. Ya tatu inakwenda kwa ndege hadi Varanasi, inashuka Khajuraho na kufika Bandhavgarh, jimbo la Madhya Pradesh. Kwenye ramani Bandhavgarh ni ya India ya kati, lakini mawakala huiuza pamoja na Varanasi chini ya jina la kaskazini, kwa hiyo nimeiweka humu.

Msomaji wa Arusha, Nairobi au Kampala anatofautiana na mtalii wa Ulaya kwa jambo moja kubwa: wanyama wengi kwa mpigo si kitu kigeni kwake. Tembo, mamba na chui wa madoa wapo kwao. Kwa hiyo ile orodha ndefu ya wanyama kwenye kipeperushi cha wakala isimbabaishe. Anafuata mnyama mmoja ambaye Afrika haina, na nchi ambayo dini, falme na masoko yake vimepangana barabara nzima. Ndiyo maana nashauri ratiba ianzie hifadhini, Taj Mahal ifuate baadaye. Taj iko wazi mwaka mzima isipokuwa Ijumaa, na tiketi utaipata hata siku ile ile. Kibali cha hifadhi kina idadi maalumu, kinaandikwa jina lako na namba ya pasipoti, na hifadhi zenyewe hufungwa kwa miezi kadhaa. Panga kibali kwanza, mengine yatajipanga kukizunguka.

Neno "binafsi" nalo lina mpaka wake. Barabarani utakuwa na gari lenu peke yenu na dereva wa kukaa nanyi siku zote, na kila mji utapewa mwongozaji wa pale pale. Mkifika lango la hifadhi, gari lenu linabaki nje. Mnaingia kwa jipsi, gari dogo la wazi la watu sita, pamoja na dereva na mwongozaji waliosajiliwa hifadhini. Mkitaka kukaa wenyewe, mnalipia viti vyote sita. Kuna mizunguko miwili kwa siku, asubuhi na alasiri, wa takriban saa tatu hadi nne na nusu, kutegemea hifadhi na msimu. Hakuna kutoka nje ya njia kumfuata mnyama, wala kushuka. Aliyezoea Land Cruiser ya paa la kufunguka na siku nzima porini na chakula chake kwenye boksi ataona muda ni mfupi. Ajiandae kwa hilo.

Nimezipima njia hizi kwa mambo matano: nafasi ya kumwona chui milia, utamaduni unaokutana nao, uchovu wa barabara, msimu, na gharama.

Chui milia: idadi na kuonekana

Hesabu ya mwaka 2022 ilikadiria chui milia 3,682 India nzima. Corbett peke yake ilikadiriwa kuwa na 260, wengi kuliko hifadhi nyingine yoyote nchini humo. Bandhavgarh ilikuwa na 135 na Ranthambore 57. Ukisoma namba hizo haraka utakimbilia Corbett, na huenda ukarudi bila kumwona hata mmoja.

Ranthambore ni msitu mkavu unaopukutisha majani, wenye vilima vya mawe na maziwa machache: Padam Talao, Rajbagh na Malik Talao. Joto likizidi wanyama hawana pa kwenda ila kwenye maji hayo, na macho hayazuiwi na majani. Chui milia wa huko wamekua wakisikia injini tangu utotoni, hawashtuki. Jike aliyeitwa Machli, aliyekufa Agosti 2016, alipigwa picha nyingi kando ya maziwa haya na akajulikana hata kwa kupambana na mamba. Ubaya wake ni umati. Mnyama mmoja akitokea, jipsi na kenta za viti 20 husongamana pale pale. Aliyewahi kusubiri nyumbu wavuke mto Mara mwezi wa Agosti anaijua hali hiyo. Hifadhi imegawanywa kanda 10, na zile za zamani zenye maziwa ni za namba ndogo, 1 hadi 5. Wakala akikuambia "safari nne Ranthambore" bila kutaja kanda, bado hajakuambia kitu.

Corbett ni kinyume chake. Msitu wa miti ya sal ni mnene, nyasi za kanda ya Dhikala ni ndefu, na mara nyingi utasikia chital, yule paa wa madoadoa, akipiga kelele ya hatari, nyani wa langur akimwitikia juu ya mti, kisha kimya. Chui milia yupo hatua chache na hutamwona. Anayekwenda Corbett kwa ajili ya picha ya chui milia tu anacheza kamari. Anayekwenda kwa ajili ya msitu atalipwa vizuri: mto Ramganga, gharial, mamba mwenye mdomo mrefu mwembamba anayeishi kwa samaki, na makundi ya tembo wa Asia wanaotoka kwenye nyasi kuanzia Machi. Kuwaona tembo hao wenye masikio madogo, na majike wasioonyesha pembe, kunamvutia hata mtu aliyezaliwa jirani na Tsavo. Zaidi ya hapo, Dhikala unaweza kulala ndani ya hifadhi, kwenye nyumba za wageni za idara ya misitu. Lango likishafungwa jioni mnabaki ninyi na pori.

Bandhavgarh iko katikati ya hizo mbili. Eneo lake la ndani ni dogo na chui milia ni wengi, kwa hiyo uwezekano wa kumwona ni mzuri, hasa kanda za Tala na Magadhi. Ya tatu ni Khitauli. Watalii wa kigeni wanaofika huko ni wachache kuliko Ranthambore kwa sababu ni mbali na Delhi. Tangu 2018 kuna tembo pia, waliohamia wenyewe kutoka Chhattisgarh na kulowea. Utasikia habari za chui milia mweupe: dume aliyeitwa Mohan alikamatwa mwaka 1951 katika misitu ya Rewa, karibu na hapo, na weupe wengi walioko kwenye bustani za wanyama duniani ni uzao wake. Usimtafute porini.

Kwa hifadhi yoyote, mizunguko miwili ni kubahatisha. Minne ndiyo kiwango cha chini ninachokiona cha haki kwa nauli uliyolipa kutoka Afrika Mashariki.

Utamaduni njiani

Hapa njia ya Ranthambore ina utajiri ambao ni vigumu kuushinda. Delhi ina Msikiti wa Jamia wa mfalme Shah Jahan, kaburi la Humayun na mnara wa Qutb. Alhamisi jioni huimbwa kawali kwenye dargah (kaburi la walii) ya Nizamuddin; mwenye masikio yaliyolelewa na kasida atajihisi nyumbani, ingawa lugha haielewi. Agra kuna Taj Mahal, ambayo Shah Jahan alianza kuijenga 1632 baada ya kufariki mkewe Mumtaz Mahal. Kati ya Agra na Jaipur dereva atapita Fatehpur Sikri, mji uliojengwa na mfalme Akbar kuanzia 1571, ambako kaburi la marmari nyeupe la walii Salim Chishti bado linazuriwa. Jirani yake, Bharatpur, kuna hifadhi ya ndege ya Keoladeo unayoizunguka kwa rikisho ya baiskeli. Asubuhi moja pale inatosha kwa mpenda ndege. Jaipur ilijengwa 1727 kwa mpango wa mitaa iliyonyooka, ikapakwa rangi ya waridi 1876, na ngome ya Amber iko nje kidogo ya mji. Mwislamu anayetaka ziyara anaweza kuongeza Ajmer, kwenye kaburi la walii Khwaja Moinuddin Chishti, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka Jaipur.

Ranthambore yenyewe ina ngome juu ya mlima, iliyoorodheshwa kuwa urithi wa dunia 2013 pamoja na ngome nyingine za Rajasthan. Ndani yake kuna hekalu la Ganesh linaloendewa na mahujaji kila siku. Mwaka 2025 watu waliuawa na chui milia kwenye eneo hilo la hekalu na ngome, hivyo uliza kama njia iko wazi kabla ya kuahidi watoto kupanda.

Njia ya Corbett haina makasri. Ina mito, mahekalu yanayotumika, na milima. Haridwar, kila jua likizama, watu hukusanyika kwenye ngazi za Har Ki Pauri na taa za moto kuuabudu mto Ganga; Rishikesh ni mji wa yoga na maashramu, yaani makazi ya mafunzo ya kiroho, na lile lililowapokea wanamuziki wa Beatles mwaka 1968 sasa ni magofu unayoyatembelea kwa tiketi. Mlaji wa nyama ajue kwamba katika miji hii miwili mitakatifu nyama na pombe haviuzwi, na Dhikala nako chakula ni cha mboga tu.

Halafu kuna jambo la Wakenya. Jim Corbett, ambaye hifadhi hii ina jina lake, alikuwa mwindaji wa chui milia na chui waliokula watu. Mwaka 1907 alimuua jike wa Champawat, anayehesabiwa kuua watu 436. Baadaye alishika kamera na kutetea wanyama wale wale. Hifadhi ilianzishwa 1936 kwa jina la Hailey, ikiwa ya kwanza India, na ikabadilishwa jina kwa heshima yake baada ya kifo chake. India ilipopata uhuru 1947 alihama na dada yake Maggie wakakaa Nyeri. Alikuwa hoteli ya Treetops usiku ule wa Februari 1952 ambapo Elizabeth wa Uingereza alirithi ufalme, akafariki 1955, na kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri. Ukizuru nyumba yake ya Kaladhungi, karibu na Corbett, ambayo sasa ni makumbusho, utakuwa umeanza hadithi ambayo ukurasa wake wa mwisho uko Mlima Kenya. Mradi wa kitaifa wa kuokoa chui milia nao ulizinduliwa Corbett, tarehe 1 Aprili 1973.

Njia ya Bandhavgarh inakugusa kwa nguvu zaidi, si kwa uzuri tu. Varanasi unaingia mtoni kwa mashua alfajiri, mbele yako ngazi za mawe zinashuka majini mfululizo, watu wanaoga, wanafua, wanasali. Kwenye ngazi za Manikarnika miili ya wafu huchomwa mchana na usiku hadharani. Si mahali pa kupiga picha, na si kila mtoto wala kila mzee aliyefiwa hivi karibuni atapenda kupaona. Kilomita 10 hivi kutoka hapo ni Sarnath, mahali Buddha alipotoa mahubiri yake ya kwanza. Khajuraho ina mahekalu ya wafalme wa Chandela ya karne ya 10 na 11, yaliyochongwa miungu, wanajeshi, wacheza ngoma na wapenzi bila kificho. Mkisafiri na wakwe, jadilianeni mapema nani atakwenda.

Barabara na mwili

Delhi hadi Agra ni saa tatu hadi nne kwa barabara ya kulipia. Agra hadi Jaipur, pamoja na kusimama Fatehpur Sikri, inakula sehemu kubwa ya siku. Jaipur hadi Ranthambore ni saa tatu au nne, na kurudi Delhi unaweza kupanda treni Sawai Madhopur, kituo cha reli kuu ya kwenda Mumbai. Kwa ujumla ndiyo njia nyepesi zaidi.

Corbett ni saa tano au sita kutoka Delhi hadi Ramnagar, na saa nne au tano tena hadi Haridwar. Barabara si mbaya, ila miji inakukwamisha, na ukipanda Nainital mwenye kichefuchefu cha kona atateseka.

Bandhavgarh inadai ndege. Bila ndege ya Varanasi na ya kurudi kupitia Jabalpur utamaliza likizo ndani ya gari. Hata ukipanda ndege, Khajuraho hadi hifadhini ni saa tano au sita.

Msimu

Oktoba hadi Machi hali ya hewa ni nzuri kwa miji, ila Desemba na Januari ukungu huchelewesha ndege na treni, na alfajiri kwenye jipsi ya wazi ni baridi ya kweli: koti zito, kofia, glavu. Aprili hadi Juni joto linapita nyuzi 40, watu wanakimbia, na chui milia wanaonekana zaidi kwa kuwa maji yamebaki machache. Julai hadi Septemba ni mvua. Kanda kuu za Ranthambore na Bandhavgarh hufungwa. Dhikala hufungwa katikati ya Juni na kufunguliwa katikati ya Novemba, lakini kanda za Jhirna na Dhela za Corbett huwa wazi mwaka mzima, na Ranthambore hufungua baadhi ya kanda za nje mvua ikiruhusu. Bandhavgarh, Jumatano alasiri hakuna mzunguko.

Mfuko, na maswali ya kumuuliza wakala

Ranthambore ina malazi ya kila bei, kuanzia nyumba za wageni za familia hadi mahema ya kifahari, hivyo inabanika na kutanuka. Corbett kwa kawaida ndiyo nafuu: hakuna ndege ya ndani na Wahindi wenyewe ndio wateja wakuu. Bandhavgarh hupanda kwa sababu ya ndege. Kumbuka mgeni halipi sawa na raia. Taj Mahal, kwa mfano, miaka ya karibuni mgeni hulipa rupia 1,100, na 200 zaidi kuingia kaburini.

Kabla ya kulipa, taka maandishi: kanda gani, jipsi ya kwenu peke yenu au viti, posho na malazi ya dereva yamo au la, ushuru wa barabara na maegesho je. Mwambie pia waziwazi kwamba hamtaki kupelekwa kwenye "viwanda" vya mazulia na marmari. Dereva hulipwa kamisheni huko, na nusu ya siku yenu ya Agra au Jaipur inaweza kuishia dukani mkinyweshwa chai. Bahshishi ya dereva iwekeni pembeni tangu mwanzo. Sheria za simu ndani ya hifadhi zimekaza, hivyo asiye na kamera aulize mapema.

Viza ya mtandaoni ipo kwa Watanzania na Wakenya. Cheti cha homa ya manjano anayetoka Kenya, Uganda au Kongo asikisahau, na Mtanzania aliyepitia Nairobi afanye vivyo hivyo.

Nani aende wapi

Kama ni mara yako ya kwanza India na una wiki moja, Ranthambore inakupa mengi kwa mwendo mfupi. Ndiyo pia inayomfaa mwenye nia ya ziyara za Nizamuddin, Fatehpur Sikri na Ajmer, na familia iliyochanganyika wazee na vijana, kwa kuwa anayechoka na pori anaweza kubaki hotelini bila kukosa safari yote.

Corbett ni ya mtu aliyeshiba umati: mpenda msitu, ndege, tembo na usiku wa kimya, au mtu anayetafuta utulivu wa Rishikesh. Inamfaa pia mwenye likizo ya Julai au Agosti tu, mradi akubali Jhirna au Dhela na mvua. Na Mkenya wa Nyeri ana sababu yake ya ziada.

Bandhavgarh mpeleke aliyekwisha kuiona Taj Mahal, mpiga picha anayestahimili joto la Aprili, au mtu ambaye dini na mauti vinamfikirisha na yuko tayari kwa Varanasi. Siku chini ya tisa usiijaribu.

Wapo pia wanaokwenda Delhi kwa matibabu na kubakiwa na siku chache kabla ya ndege ya kurudi. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, nyonga au tumbo asipande jipsi ya hifadhi yoyote kati ya hizi tatu. Njia za ndani zinarusha, na daktari ndiye wa kuamua. Agra kwenda na kurudi kwa siku mbili inamtosha. Msindikizaji wake mwenye siku nne anaweza kupanda treni ya Sawai Madhopur, kufanya mizunguko minne Ranthambore na kurudi Delhi, na Jaipur akaiacha kwa safari nyingine.